Matembezi ya vita vya Abushiri pale Bagamoyo, nimeenda na nawasimulia

Mi huwa siandiki maoni ya kila kitu nnacholipia hela, ila haya matembezi ya Bagamoyo ya jumamosi ilopita yamenikaa kichwani wiki nzima na naona nisipoandika nitakuwa sijamtendea haki yule mama aliyetutembeza. Kama huna mda wa kusoma yote basi jibu ni hili, nenda, beba maji, vaa kofia, na uende na mtu ambaye mkirudi mtakuwa na la kuzungumza. Wenye mda tukae kidogo.

Ni huduma ya kutembezwa kwa mguu pale Mji Mkongwe, lakini sio ile ya kuonyeshwa milango ya nakshi mkapiga picha na ngalawa alafu basi. Hii mnafuata habari moja toka mwanzo mpaka mwisho, vita vya 1888 na 1889, vile vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani. Anayewatembeza ni mwalimu mstaafu, mwanamke, kafundisha historia sekondari miaka mingi, mjini wote wanamwita Mwalimu na sisi tukamwita hivyo hivyo. Hana ofisi wala bango, ukifikia nyumba ya wageni ukamuulizia mama anayetembeza watu habari za vita wanakuunganisha nae kwa simu. Tulikuwa sita, mimi, mtoto wa mamdogo na mumewe na binti yao wa miaka 11, na vijana wawili wa chuo waliotoka Dar. Elfu 20 kila mtu, mtoto nusu, viingilio vya sehemu mnajilipia.

Sasa kwanini mi nimetoka Tanga na basi mpaka Msata, nikaunga gari ya Bagamoyo, kwa ajili ya hili. Mi nimezaliwa Pangani. Upande wa baba ni Waarabu wa Pangani wa zamani, upande wa mama ni Wazigua. Mtu wa Pangani ukimtajia Abushiri anakaa vizuri kwenye kiti, yule ni wetu, alikuwa na shamba lake la miwa kwetu na amenyongewa kwetu, tarehe 15 Desemba 1889. Lakini nyumbani hiyo habari ilikuwa na mwiba maana Abushiri alikamatiwa Kwa Mkoro, huko huko Uzigua, kwa jumbe Magaya, na hao ndo walomtoa kwa Wajerumani. Bibi mzaa baba akigombana na mama, hata kwa jambo la chumvi tu, atamalizia na "nyie si ndo mlomuuza Abushiri". Mara ya kwanza kulisikia hilo neno nlikuwa na miaka saba, mama alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua kama hajaambiwa kitu. Kwahiyo mi sikwenda kutalii, nlikwenda na swali.

Mwalimu anaanzia Ngome Kongwe, ile nyumba aliyoijenga Mwarabu mmoja Abdallah Marhabi kwenye mwaka 1860 hivi na baadae Wajerumani wakaigeuza ngome yao. Akatukalisha kivulini na kitu cha kwanza alichosema ni, "Wanangu, msianze na Mjerumani. Mjerumani mtamkuta mbele. Anzeni na Waarabu wenyewe, walikuwa wanagombania nini." Hapo ndo nikajua hela yangu haijapotea. Maana sisi shuleni tulipewa kama timu mbili, huku Wajerumani kule Waarabu na wenyeji, piga, kwisha. Yeye anakurudisha nyuma mpaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid pale Unguja na ukoo wa Al-Harthi ukamuunga mkono, jaribio likashindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Baadae Barghash huyo huyo akaja kuwa sultani mwaka 1870, na Abushiri bin Salim, Mharthi, akawa hana masikilizano nae kabisa. Kwahiyo mtu aliyekuja kuongoza vita hakuwa mtu wa sultani, alikuwa mtu aliyekaa kwenye miwa yake Pangani akiona watu wa Unguja hawana la kumwamuru. Alafu Machi 1888 Barghash anafariki, Khalifa anakaa kitini, na mwezi wa nne tu tarehe 28 anasaini kuikodisha pwani yote kwa kampuni ya Wajerumani, ushuru na utawala, miaka 50. Fikiria wewe ni Abushiri. Umemkataa sultani miaka yote, leo unasikia amekukodisha.

Sasa njia yake ya kusimulia ndo imenifanya niandike. Kabla hatujasimama akamgawia kila mmoja wetu mtu wake. Kijana mmoja wa chuo akawa jumbe wa Kishomvi, wale wenyeji wa pwani, anayeishi kwa kile kidogo anachopata kwenye misafara inayoingia mjini. Mwenzie akawa mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika na pembe za ndovu na anasubiri kulipwa arudi kwao. Shemeji akawa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka na madeni ya watu. Mtoto wa mamdogo akawa mke wa liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya sultani, yule binti akawa mtumwa wa shamba la miwa. Na mimi, Mwalimu akaniangalia akauliza wewe wa wapi, nikamwambia Pangani, akasema basi wewe utakuwa Suleiman bin Nasor el Lemki. Moyo ukashuka. Kwa asiyemjua, huyo ni Mwarabu tajiri aliyekaa upande wa Wissmann, mkuu wa jeshi la Wajerumani kwenye vita ile, akawa mshauri wake na mpatanishi, na baadae Wajerumani wakampa uliwali. Nikamwambia Mwalimu naomba nibadilishiwe, akasema hapana, wewe ndo unamhitaji huyo.

Basi kila tunaposimama anaeleza kilichotokea alafu anauliza mmoja mmoja, sasa wewe unafanyaje, na huruhusiwi kujibu kwa akili ya leo, unajibu kwa kile mtu wako alichokuwa nacho mkononi siku hiyo.

Kwenye habari ya bendera alinigusa sana. Tarehe 16 Agosti 1888 ndo mkataba unaanza kazi na kampuni inataka bendera yake ipande, na hapo Bagamoyo ugomvi ukawa juu ya bendera nyekundu ya sultani kwenye nyumba ya liwali. Pangani ikawa mbaya zaidi, yule mwakilishi wa kampuni Zelewski alikuja na askari wa majini, na inasimuliwa waliingia na mbwa msikitini watu wakiwa kwenye ibada za Idd. Hii ya mbwa hata bibi anaisimulia, tena anasimama akiisimulia. Watu wakamfungia Zelewski ndani ya nyumba mpaka Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la sultani, akaja kumtoa. Na Mathews nae aliporudi na askari wa sultani kuja kutuliza mji akafukuzwa. Hapo Mwalimu akasimama katikati ya njia akasema hebu oneni, watu wanaipigania bendera ya sultani na wakati huo huo wanalifukuza jeshi la sultani. Kijana wa jumbe wa Kishomvi akasema basi mi siipiganii bendera, naupigania ushuru wangu. Mwalimu akampa mkono. (Zelewski ni yule yule Nyundo aliyekuja kuuawa na Wahehe pale Lugalo, Agosti 1891, kwa wanaopenda kujua mwisho wa mtu.)

Tukashuka ufukweni karibu na soko la samaki. Hapo tarehe 22 Septemba 1888 watu walioingia kuushambulia mji walikutana na askari wa majini walioshushwa toka meli ya Wajerumani, Leipzig, na waliouawa siku hiyo walipita mia. Hapa naomba niseme kasoro ya kwanza. Upepo wa baharini ulikuwa unachukua sauti yake yote, na kelele za mnada wa samaki, kwahiyo sisi wa nyuma tulikosa maneno mengi sana, na ilikuwa sehemu nzito. Akinunua kale kaspika ka kuvaa kiunoni kama wanachotumia watu wa mnada itasaidia mno. Nilimwambia na alipokea vizuri.

Toka ufukweni mnapita mtaa wa maduka ya Wahindi wa zamani, yale majumba yenye baraza na vibao vya mbao juu, mengine yamebaki kuta tu na mti umeota ndani. Hapo shemeji ndo akaulizwa, na jibu lake ndo walilofanya wengi, alikimbilia Unguja akaacha duka. Hapa hatukukaa sana na sioni kama kulikuwa na haja.

Alafu tukachukua bajaji mpaka misheni. Hii misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ipo toka 1868, na mji ulipokuwa haukaliki watu wengi walijificha humo. Kitu nlichokuwa sikijui kabisa ni kwamba Abushiri aliheshimiana na hawa mapadri, padri Etienne Baur alikuwa anakwenda mpaka kambini kwake kuzungumza nae, na misheni haikuguswa. Lakini Januari 1889 misheni ya Pugu, ya Wajerumani, ilivamiwa na wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mtu yule yule, vita ile ile. Mwalimu hasemi huyu mwema huyu mbaya, anakuwekea yote mezani.

Na hapo kwenye bustani ya misheni, chini ya mwembe, ndo lile jambo likatokea. Alikuwa anatueleza kuhusu Desemba 1888, Abushiri amekuja kuuzingira mji na mzinga wake, meli za Wajerumani na Waingereza zimeshaanza kuziba pwani tangu tarehe 2, akauliza kila mtu anafuata upande gani. Tukajibu wote kwa makelele maana tulishazoea. Ikafika zamu ya binti. Akakaa kimya, alafu akasema, "Mi wakiwa wanapigana nakimbia. Sitaki shamba la huyu wala la yule." Hakuna aliyecheka. Mwalimu akachuchumaa akawa usawa wake akamwambia mwanangu ndivyo wengi walivyofanya, na hapa ulipokaa ndo palikuwa na kijiji cha walokombolewa utumwani. Alafu akatugeukia sisi wakubwa akatwambia kitu bila kupunguza makali, kwamba miwa ya Pangani ilikuwa inalimwa na watumwa, mashujaa wetu walikuwa na watumwa, na hilo hatulifichi kwa sababu ya mapenzi. Lakini vile vile tusiruhusu litumike uongo, maana Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alipotaka fedha Berlin aliwaambia ni vita ya kukomesha biashara ya utumwa, bunge lao likapitisha marki milioni 2 tarehe 30 Januari 1889, na jina "uasi wa Waarabu" likakaa vizuri kwenye hadithi hiyo, kana kwamba ni Waarabu wauza watu peke yao ndo walokasirika. Washomvi je, Wazaramo je, Bwana Heri wa Saadani ambae alikuwa ameshapigana na jeshi la sultani kabla hata Mjerumani hajaja je. Kwa jina moja tu wote hao wanapotea, na wale Waarabu waliokaa upande wa pili nao wanapotea.

Mi mtu mzima nlikaa pale nikafikiria kwamba kwetu nyumbani tumekuwa tukigombana kwa kutumia jina alilotunga Mjerumani.

Sehemu ya Wissmann anaipitisha haraka haraka na mi naona ni sawa, mambo ya jeshi wengi wanayajua, Wasudani kama 600 waliochukuliwa Misri, na Washangani toka Msumbiji, tarehe 8 Mei 1889 wakaivunja kambi ya Abushiri nje ya mji, Juni Saadani, Julai Pangani na Tanga. Kasoro ya pili ipo hapa. Tuliporudi upande wa pwani kulikuwa na kijana mwingine anatembeza kundi lake pale kwenye jiwe la kumbukumbu ya waliotundikwa na Wajerumani, na anawaambia watu kwa sauti kwamba Abushiri alinyongewa hapo hapo. Sio kweli, ni Pangani. Nilimfuata pembeni nikamwambia kwa adabu, akanijibu ndivyo alivyofundishwa. Mwalimu hakuhusika na hilo, ila naliandika kwa sababu wageni wengi wanatembezwa na vijana kama wale na wanaondoka na uongo, na waliopata haki ya kukumbukwa kwenye jiwe lile ni watu wengine wa Bagamoyo ambao nao tunawadhulumu tukiweka jina la Abushiri juu yao.

Mbele kidogo ni makaburi ya Wajerumani, kama 20, yamezungushiwa ukuta, yamefagiliwa safi. Binti akauliza ya wale mia wa ufukweni yako wapi. Mwalimu akasema twendeni.

Kituo cha mwisho ni karibu na yale majumba ya utawala wa Kijerumani, na hapa alitupa tarehe mbili tu. Desemba 4, 1889 Stanley, yule mvumbuzi, na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumtoa huko bara, wanaingia Bagamoyo, maofisa wanawafanyia karamu ghorofani, divai, hotuba, na usiku huo Emin anaanguka toka juu na kuvunjika fuvu nusura afe. Dunia nzima iliandika kuhusu huo mwanguko. Siku hizo hizo Abushiri yuko porini Uzigua hana watu, na siku 11 baadae kitanzi. Ndo akanigeukia. "Suleiman, karamu inaendelea ghorofani, unasemaje?"

Nyie sikuweza kujibu haraka. Kutwa nzima nlikuwa nimembeba yule mtu nisiyempenda na kila kituo nilikuwa natakiwa nimtafutie sababu, na sababu zipo wallahi, meli zimeziba bahari, mji umeungua, biashara imekufa, sultani mwenyewe kasaini, wewe unampigania nani. Nikasema nadhani ningebaki chini barabarani nikiwaza nani atanisalimia kesho. Mwalimu akanyamaza kidogo akasema endelea. Ndo nikamuuliza lile la Magaya.

Hakunipa jibu la kumtetea wala la kumlaani. Alisema nianze na miezi ya nyuma yake, Abushiri baada ya kupigwa Mei alikwenda Mpwapwa akakivunja kituo cha Wajerumani, akarudi na Wambunga, wapiganaji wa bara, wale walioitwa Mafiti, na wale walipita Uzaramo wakichoma na kupora vijiji vya watu ambao hawakuwa wamemkosea chochote, mpaka wakapigwa mwezi wa kumi. Habari hizo zilifika kwa kila jumbe kabla yake. Kwahiyo anapokuja mtu amechoka, peke yake, na nyuma yake kuna Mjerumani anayechoma pia na ameahidi fedha kwa atakayemtoa, jumbe wa kijiji kidogo anatazama wanawake na watoto wake. "Sikwambii alifanya vyema," akasema, "nakwambia Waarabu wenzie wenye majumba ya mawe walishamwacha kabla ya Magaya, na hao nyumbani kwenu hawatajwi." Nikajiangalia, mimi Suleiman.

Nilimpigia bibi usiku ule ule. Nilimsimulia yote, mpaka la el Lemki. Alisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho hakifanyi, mwisho akauliza tu kama huyo mwalimu ni Mwarabu. Nikamwambia sijamuuliza bibi. Akasema haya, mpe simu mama yako akija. Sijui walichozungumza na sitauliza.

Mambo ya kawaida kwa anayetaka kwenda. Tulichelewa kuanza dakika 50 maana kulikuwa na mazishi mtaani kwake, ila hakutuma hata meseji na sisi tukakaa juani, hiyo airekebishe. Ni masaa manne na nusu, njiani vyoo vya uhakika ni pale misheni tu, kwa wenye watoto wadogo mjue. Hana karatasi ya ramani, na mi ningelipa hata elfu 5 zaidi nipewe karatasi yenye tarehe na majina maana nimeandika kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kikongwe au mwenye matatizo ya magoti atashindwa kipande cha mchanga, labda mpatane bajaji toka mwanzo. Mkimaliza anawapeleka kwa mama mmoja jirani yake anayepika wali wa nazi na changu wa kupaka, elfu 7 sahani, tulikula wote tukiitana kwa yale majina, jumbe nipitishie pilipili, shemeji bado ananidai kama Mhindi.

Msiende mwezi wa tatu na wa nne mvua zikiwa nyingi. Na akikugawia mtu usiyemtaka usimbishie sana, mbebe tu mpaka mwisho wa njia. Mwezi ujao Mwalimu anakuja Pangani kuona pale Abushiri aliponyongewa, hajawahi kufika, na nimemwambia atafikia kwetu.